Sikukuu Nne za Mzee Springi

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa marehemu mjomba wangu, nikiwa bado mtoto wa kufika magotini mwake, ni kiganja chake. Aliingia sebuleni kwetu, akawasalimia watu wazima, lakini hakuketi. Kwanza aliinama, akaweka kiganja juu ya kochi, akalibonyeza taratibu kama mzazi anayempima mtoto homa kwenye paji la uso. Kisha akamgeukia mama yangu, ambaye ni mdogo wake, akamwambia, "Huyu anaumwa mgongo. Mnamkalia vibaya." Nilishangaa kwamba duniani kuna mtu anayelionea huruma kochi. Nilipokua nilielewa kwamba hata watu aliwaonea huruma kwa namna hiyohiyo: aliweka mkono kwanza, akatulia, ndipo akasema.

Familia imenipa heshima ya kuusoma wasifu wake mbele yenu. Nitajitahidi kusema kweli tupu, kwa sababu marehemu alikuwa na tabia ya kukatiza hotuba zilizomsifu kupita kiasi, na sina hakika kwamba ataiacha leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto wanne wa baba mshona viatu na mama muuza vitambaa. Kwa baba alirithi nyundo na kwa mama alirithi jicho la rangi. Dada yake mkubwa, ambaye yuko nasi hapa mstari wa mbele, ndiye aliyembeba mgongoni, akamfundisha kutembea, na kwa maelezo yake mwenyewe hakuacha kumfundisha mpaka wiki iliyopita. Sote tunamwita Mwenyekiti, kwa kuwa hakuna kikao cha familia kilichowahi kufanyika bila yeye kukiongoza.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965. Walimu walimkumbuka kama mtoto mpole aliyependa kukaa karibu na dirisha. Akiwa darasa la sita, msumari uliochomoza kwenye kiti cha mwalimu wa hesabu ulimchania mwalimu suruali mbele ya darasa zima. Wenzake walicheka. Marehemu alirudi kesho yake na kipande cha gunia, pamba kidogo na misumari midogo ya viatu aliyoiomba kwa baba yake, akakivika kiti kile kikawa laini kuliko cha mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu hakulivumilia hilo. Marehemu aliitwa ofisini, akadhani anakwenda kuadhibiwa, kumbe amepewa kazi. Alisema siku zote kwamba hesabu za sehemu zilimpita kwa sababu zilifundishwa wiki ile alipokuwa chini ya meza ya ofisi na misumari mdomoni.

Aliiacha shule ya sekondari kidato cha pili, mwaka 1973, baba yao alipougua, akaingia kujifunza ufundi wa makochi. Mwaka 1984 alifungua karakana yake mwenyewe pamoja na rafiki yake, fundi wa mbao tunayemfahamu kwa jina la Msumeno. Msumeno alitengeneza mifupa ya kochi na marehemu akaivika nyama: mikanda, springi, sponji, kitambaa. Hapo ndipo alipopata jina la Springi, na uzee ulipofika wateja wakaliongezea Mzee. Karakana ile ilikuwa chumba kirefu chenye mlango mmoja mpana, kati ya duka la matairi na studio ya picha. Ilinuka gundi na mbao mbichi, na vitambaa vilivyobaki vilining'inia ukutani kama nguo za ukoo mzima. Wawili hao waligombana kila siku ya kazi kwa zaidi ya miaka thelathini. Kochi likilia lilipokaliwa, Springi alisema ni mbao, na Msumeno alisema ni springi. Mteja aliyekuwa na haraka aliombwa aende akanywe chai kwanza mpaka kesi iishe.

Marehemu alikuwa na sheria moja ya kazi: hakukata mbao wala kitambaa kabla ya kwenda nyumbani kwa mteja kupima mlango. Alisema fundi anayetengeneza kochi lisilopita mlangoni ametengeneza kitanda cha kuku. Naomba mlikumbuke hilo kwa muda mfupi tu, nitalifikia.

Alifunga ndoa mwaka 1987 na binti wa mteja wake, ambaye alimwita Bibie tangu siku ya kwanza hadi siku ya mwisho. Bibie alitumwa na baba yake kufuatilia kiti cha kusomea. Akaambiwa kitambaa hakijafika. Akarudi, akaambiwa pamba imelowa. Akarudi tena, akaambiwa sindano imepinda, na ni kweli ilikuwa imepinda, kwa sababu sindano ya makochi hutengenezwa ikiwa imepinda. Hatimaye baba yake alikwenda mwenyewe, akakikuta kiti chake kimekamilika siku nyingi, kimefunikwa shuka safi. Alimtazama fundi, akamtazama binti yake, akakaa juu ya kiti kile palepale karakana, akasema, "Haya, nieleze." Walijaliwa watoto wawili, binti na mtoto wa kiume, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeruhusiwa kurukaruka kwenye kochi.

Sasa nije kwenye ugonjwa. Bibie ameniagiza nisiupite haraka, kwa kuwa humu ndani wapo wanaouguza na wapo wanaougua.

Mwezi wa Julai 2021 marehemu alisema tumbo linamsumbua. Kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema hivyo, Bibie alimpeleka hospitali siku hiyohiyo. Ilikuwa saratani ya utumbo mpana. Alifanyiwa upasuaji mwezi wa Septemba, kisha akaanzishiwa dawa za dripu kila baada ya wiki mbili. Dawa zilimtia ganzi vidoleni. Chakula kikawa na ladha ya sarafu. Hakuweza kugusa chupa ya soda iliyotoka kwenye friji bila kuruka kama aliyeshika waya wa umeme. Siku tatu nne baada ya kila dripu alilala tu akitazama dari, na harufu ya kitunguu kikikaangwa nyumba ya jirani ilitosha kumtoa machozi.

Hali ikiwa hiyo, zikakaribia sikukuu za mwisho wa mwaka. Tangu wazazi wao walipofariki, sikukuu ya ukoo wetu hufanyika nyumbani kwa marehemu, kwa sababu moja iliyo wazi: ndiko kwenye viti vizuri. Mwenyekiti aliitisha kikao bila kumwalika. Hoja ilikuwa kwamba mgonjwa apumzike, asisumbuliwe na makelele, harufu na watoto. Kikao kikapitisha kwamba sikukuu ihamie kwa Mwenyekiti, kimyakimya, na kwamba kila mmoja amtafutie marehemu udhuru ili asijisikie vibaya. Mwenyekiti mwenyewe alisema anasafiri. Kaka yake alisema yuko zamu kazini. Mama yangu alisema tumbo linamwendesha. Binamu yangu mmoja alisema ana mtihani, wakati vyuo vyote vilikuwa vimefungwa. Kila mtu alifanya hivyo kwa upendo, na Bibie naye alidanganywa kwa upendo huohuo.

Tulichokuwa hatukijui ni kwamba upande wa pili marehemu alikuwa na mipango yake. Alikwenda kumwomba daktari amsogezee dripu mbele, ili siku zile mbaya zipite kabla ya sikukuu. Daktari alipima damu, akakubali. Siku alizopata nguvu alikwenda karakana, na kwa vidole vile vilivyokufa ganzi, huku Msumeno akimvutia uzi, akatengeneza kochi jipya refu la rangi ya kijani ili watu wote wapate pa kukaa. Alimwambia Bibie kwamba hataki kukumbukwa sikukuu hiyo kama mtu aliyelala chumbani.

Siku ikafika. Marehemu akavaa suti, ambayo sasa ilimtosha mara moja na nusu, akakaa kwenye kochi lake na kungoja. Hakuna aliyekuja. Bibie anasema hakulalamika. Aliuliza tu, baada ya muda mrefu, kama dada zake wote wangeweza kuugua na kusafiri siku moja. Kisha akampigia simu Msumeno, akamwalika aje ale, maana chakula ni kingi. Msumeno alikuja na pikapu ya karakana, akaingia akishangaa. "Mbona mko wawili? Nimepita kwa Mwenyekiti, ukoo wenu wote uko pale. Nilidhani wanajiandaa kuja huku."

Bibie alidhani mumewe atalia. Marehemu akauliza, "Pikapu ina mafuta?"

Hapa naomba niweke kumbukumbu sawa. Wapo ndugu wanaoapa kwamba waliiona pikapu ikikata kona na marehemu ameketi nyuma juu ya kochi la kijani, mguu juu ya mguu, akiwapungia watu. Bibie amekanusha mara nyingi. Anasema alikaa mbele, na mkanda alifunga. Msumeno, aliyekuwa anaendesha, anakataa kutoa ushahidi.

Jambo lisilo na ubishi ni kwamba alishuka getini kwa Mwenyekiti, na muziki ukazimwa. Kaka yake wa zamu kazini alikuwa na paja la kuku mkononi. Mama yangu, mgonjwa wa tumbo, alikamatwa katikati ya kucheza. Marehemu aliwapitia mmoja mmoja kwa salamu za kawaida kabisa. Alimuuliza mama yangu tumbo linaendeleaje. Alimuuliza kaka yake kama bosi amempa ruhusa. Alimpa mkono binamu yangu na kumtakia matokeo mema. Hakuna aliyejua kama inafaa kucheka. Mwenyekiti akasogea mbele.

"Mdogo wangu, tulitaka kukupumzisha."

"Nimeambiwa nina saratani, dada," marehemu alimjibu. "Sikuambiwa nimeachishwa undugu. Mkitaka kunipumzisha, nipumzisheni hapa mlipo."

Mwenyekiti alifunika uso kwa kanga yake akalia, na ndipo wengine wakapata ruhusa ya kulia pia. Kilichotuokoa ni kochi. Wanaume walilibeba kulipeleka ndani, likagoma mlangoni. Wakaligeuza ubavu, likagoma. Wakalisimamisha, likagoma kabisa. Mzee Springi, aliyepima milango ya mji mzima, hakuwa ameupima mlango wa dada yake, kwa sababu hakujua kama atakuwa mgeni pale. Msumeno alisema mara moja kwamba mbao hazina kosa. Basi kochi likawekwa uani, na sikukuu yote ikalifuata nje: meza, sufuria, spika, watoto. Ikawa pia ni dawa, kwani nje kwenye upepo harufu za mapishi hazikumpata.

Alipokwisha kukaa, alitoa masharti yake, na masharti hayo yamekuwa katiba ya familia hii. Hakutaka watu wanong'one. Chakula aulizwe mara moja tu, na akisema hapana iwe hapana, bila kusukumiwa kijiko na kila shangazi anayepita. Akichoka ataondoka kwenda kulala bila kuaga, na muziki usipunguzwe, kwa sababu akisikia umepunguzwa atajua anazungumzwa. Soda yake iwekwe juani. Na mtu yeyote atakayemwambia pole wakati wa kula ataosha vyombo. Mwaka ule Mwenyekiti peke yake aliosha vyombo vya watu wote. Kila alipomwona mdogo wake akishika kijiko kwa vidole vile, neno lilimtoka lenyewe.

Ndiyo iliyokuwa sikukuu yake ya kwanza na saratani. Zikafuata nyingine tatu.

Ya mwaka 2022 alikuwa amemaliza dawa, lakini alikuwa amepigwa picha ya vipimo na majibu yalikuwa hayajatoka. Watu hudhani huo ni wakati rahisi. Katikati ya shamrashamra alitoweka, Bibie akamfuata, akamkuta stoo amekaa juu ya gunia akilia peke yake. Bibie akataka kuita watu. Marehemu akamzuia kwa mkono. "Waache wale," alisema. "Nalia kidogo, nakuja." Na kweli alikuja, akacheza. Nimeombwa na wengi nilisome hili, kwa sababu limewasaidia: kwamba mtu anaweza kulia kidogo siku ya sikukuu, kisha akaja.

Ya mwaka 2023 ilimkuta wodini, utumbo umeziba. Wodi iliruhusu wageni wawili kwa zamu, kwa hiyo ukoo mzima ulipanga foleni kwenye korido. Kila jozi iliyoingia ilitakiwa kumpa taarifa ya nyumbani: nani amenuniana na nani, nani ameunguza nini. Alikuwa na mpira puani na hakuruhusiwa hata maji, lakini muuguzi wa zamu alikuja kutuomba tupunguze vicheko, kisha akabaki kusikiliza mwisho wa hadithi. Tangu hapo, kila miezi ya mwisho wa mwaka ilipokaribia, muuguzi yule aliwaketisha wagonjwa wapya karibu na marehemu kwenye benchi la kliniki. Walimuuliza wafanyeje na sikukuu zinakuja. Aliwauliza kwanza kama wanazitaka. Aliyesema hazitaki, alimwambia ana haki yake, ajifungie na alale. Aliyesema anazitaka, alimfundisha kupanga siku zake na daktari mapema, na kuwaambia ndugu waziwazi anachokiweza, kabla hawajaitisha kikao.

Ya mwaka 2024 saratani ilikuwa imefika kwenye ini. Alikonda, akapata rangi ya manjano machoni, na alikula vijiko vichache tu. Lakini alicheza akiwa amekaa, mabega tu, na kusema kweli mabega yale yaliwashinda vijana wengi waliosimama.

Mwezi wa Oktoba mwaka huu daktari alimweleza kwamba dawa za kupambana zimekwisha, zimebaki za kutuliza maumivu. Marehemu alimshukuru, akarudi nyumbani, akamwita dada yake mkubwa. Binti yake alikuwa mjamzito, mtoto wake wa kwanza, na tarehe aliyopewa iliangukia wiki ya sikukuu. Marehemu alijua kwamba pengine hatafika. Hofu yake haikuwa kufa. Hofu yake ilikuwa kwamba sisi, kwa heshima yetu iliyopitiliza, tungeifuta sikukuu kwa ajili yake.

"Dada, safari hii usinifanyie kikao," alimwambia Mwenyekiti. "Nikiwepo, niwekeni mezani. Nisipokuwepo, kuleni. Kuna mgeni anakuja, sitaki akute nyumba imenuna."

Mwenyekiti alimwambia atafikiria.

Kwa binti yake marehemu aliacha ujumbe mwepesi zaidi. Aliweka kiganja juu ya tumbo lake, akatulia, akasema, "Tukipishana mlangoni, mwambie babu yake alikuwa na haraka kidogo. Hana ubaya."

Marehemu alifariki asubuhi ya tarehe 26 Novemba 2025, nyumbani kwake, redio ikiwa imewashwa kwa sauti ya chini na Bibie ameushika mkono wake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba.

Tulipokaa kupanga mazishi haya, suala la sikukuu lililetwa mezani. Baadhi ya ndugu walisema, kwa nia njema kabisa, kwamba kaburi likiwa bado bichi haitapendeza watu waonekane wanakula na kucheza, na kwamba mwaka huu tukae kimya. Sote tulimgeukia Mwenyekiti. Tulidhani tumeshajua atakachosema.

"Mimi nilishawahi kumfanyia uamuzi huyu mtu nikidhani namhurumia," alisema. "Akanijia na pikapu. Safari hii hawezi kunijia, kwa hiyo lazima nimtii mwenyewe. Sikukuu ipo. Na itakuwa nyumbani kwake."

Marehemu ameacha mke, Bibie. Watoto wawili, na mkwe mmoja. Dada wawili na kaka mmoja. Wapwa na watoto wa kaka yake ambao kila mmoja anaamini alikuwa ndiye kipenzi chake. Rafiki na mshirika wake Msumeno, ambaye tangu Jumatano hana wa kugombana naye na tunaomba mumtembelee. Na wagonjwa wenzake wa benchi la kliniki, ambao wamekuja leo na ambao tunawashukuru sana. Bibie anawaalika wote nyumbani kwake siku ya sikukuu. Anayetaka kulia, alie. Anayetaka kucheza, acheze.

Mungu amlaze mjomba wetu pahali pema, naye apumzike bila maumivu.

Sisi tunarudi nyumbani kuandaa. Binti yake ameshapakia begi la hospitali na kuliweka nyuma ya mlango, na mumewe hulihamisha kila asubuhi akidhani limesahauliwa. Mwenyekiti amekwisha kuzungumza na mtoto moja kwa moja, mdomo karibu na tumbo la mama yake, akamwagiza asizaliwe wakati watu wanakula. Mtoto alimjibu kwa teke. Tunamngoja.